Sufuri Tatu za Mama Dorina

Mliponiomba niwaandikie kuhusu miaka yangu ya kazi, mlinipa kurasa mbili. Nikaomba sita. Tukakubaliana nne, kwa hivyo msilalamikie udogo wa maandishi. Vyeo na mishahara nitaviruka, si kwa unyenyekevu. Nimevihesabu mara mbili na vimekuwa vichache mara zote mbili.

Nianze na siku ya kwanza. Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, nyuma ya wodi ya mifupa, na mlangoni mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu TIBA YA KAZI. Nilikuta watu watatu kwenye benchi. Wawili walikuwa wagonjwa. Wa tatu, bwana mmoja wa makamo aliyevaa tai, alikuwa na bahasha ya vyeti na alitaka kujua tuna kazi za aina gani. Nilimweleza kwamba hapa tunamsaidia mtu aliyeugua au kuumia arudi kufanya mambo yake mwenyewe: kuoga, kuvaa, kula, kupika, kurudi sokoni. Akafikiri kidogo, akasema hayo yote anayaweza, shida yake ni kulipwa. Ndiye mtu wa kwanza niliyempima katika kazi hii, na nilimkuta mzima kabisa.

Aliyenifundisha alikuwa Madam Rosebella, mwanamke mnene wa Bondo aliyetembea kana kwamba sakafu ni yake na sisi wengine tumepanga. Asubuhi ile ile alichukua kitambaa cha pembe tatu, akaufunga mkono wangu wa kulia kifuani, akaniambia nitaufungua Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu. Nilidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Nikaenda nyumbani hivyo, nikalala hivyo, nikarudi kazini kesho yake blauzi ikiwa imefungwa vifungo viwili kati ya saba. Nilijifunza kwamba kifungo kimoja kinachukua muda wa kuchemsha chai. Nilijifunza kwamba sidiria ilibuniwa na mtu ambaye hakuwahi kuugua. Ugali niliupika nikiibana sufuria kwa magoti, nikaungua goti la kushoto, na nilipobadilisha nikaungua la kulia.

Jumatano nilienda Kibuye kununua nyanya. Mimi nimekulia soko la Kibuye, mama yangu aliuza mitumba pale, na tangu nizaliwe hakuna muuza nyanya aliyewahi kunionea huruma. Siku hiyo mama mmoja aliutazama mkono wangu, akanipa pole ndefu, akaongeza nyanya tatu bila kuombwa. Ijumaa Madam Rosebella alipofungua kitambaa nilimuuliza kama naweza kukaa nacho wiki moja zaidi. Alicheka kidogo tu, kisha akaniuliza ni nini kilichonichosha zaidi. Nikamwambia si mkono. Ni watu kunifanyia mambo kabla sijamaliza kushindwa.

"Basi umeiva," akasema. "Anza kazi."

Vifaa tulivyokuwa navyo vingetosha kwenye kapu moja. Siku hizi nyinyi mnaagiza vitu kwenye simu vinafika vimefungwa nailoni, na sina wivu, au ninao kidogo. Sisi gango la kushikilia kifundo cha mkono tulilitengeneza kwa bomba la plastiki la maji. Unalipasua kwa msumeno, unalipasha juu ya makaa polepole mpaka linalegea na kufunguka kama karatasi, kisha unalikunja kufuata mkono wa mgonjwa. Juu ya taulo, tafadhali. Taulo mbili. Sitaki kusikia mmemchoma mtu halafu mkasema mlisoma kwangu. Kijiko kwa mtu ambaye vidole havifungi vizuri tulikinenepesha kwa kukizungushia mikanda ya tyubu ya baiskeli mpaka mpini ukawa mnene kama gunzi. Fundi baiskeli wa kona alinipa tyubu kuukuu kwa masharti kwamba siku akiugua yeye atapata kijiko kizuri kuliko vyote. Bado ni mzima, na kila tukionana ananiuliza kijiko chake kimefikia wapi.

Kulikuwa pia na ubao wa Madam Rosebella. Alikuwa amepigilia ukutani zipu, bomba la maji, swichi ya taa, vifungo vya aina tano na mpini wa breki ya pikipiki. Breki iliingia kwa sababu yangu. Nilikuwa na mwanabodaboda aliyekatwa mishipa ya mkono kwa kioo, na kwa wiki tatu nikamhangaisha na vibanio vya nguo, abane, aachie. Wiki ya nne hakuja. Madam aliniuliza yule bwana anafua nguo za watu? Nikasema hapana, anaendesha pikipiki. Kesho yake breki ilikuwa ukutani, na mimi nilikuwa Kondele kituo kwa kituo nikimtafuta mgonjwa wangu. Nilipompata alisema alidhani ninamwandaa awe dobi. Alirudi. Breki ile aliibana mpaka ikalegea, na alipoweza kuisimamisha pikipiki ya kweli mlangoni petu, bila kuuvunja mlango, tukamwachilia.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kanuni moja, na niliwaimbia wanafunzi wote waliopita mikononi mwangu: usimuulize mgonjwa anaumwa wapi, hilo daktari ameshaliuliza. Muulize jana asubuhi alishindwa kufanya nini, na alishindwa akiwa wapi.

Hapo ningeweza kuishia nikaonekana hodari. Lakini kurasa ni nne na nimetumia moja na nusu, kwa hivyo niwaambie siku niliyosahau nusu ya pili ya kanuni yangu mwenyewe.

Mama Dorina alikuwa mjane wa Usenge. Alianika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni kwa maisha yake yote ya utu uzima. Kiharusi kilimkuta hapo hapo, ameinama anageuza omena kwenye nyavu, kikamlegeza upande wote wa kulia. Alipotoka wodini, bintiye Achieng' alimchukua kwake, nyumba nzuri ya matofali hapa Kisumu upande wa Dunga. Mume wa Achieng', Mwalimu Odhiambo, alikuwa mhadhiri huko Maseno. Nimekutana na wakwe wengi katika kazi hii. Wako wanaouliza mgonjwa ataondoka lini, wako wanaoongeza sauti ya televisheni. Huyu alikuwa bora kuliko wote, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Alimnunulia mama mkwe kiti chenye mikono, akaweka vyuma vya kushikilia bafuni, akahamisha vipindi vyake ili awe nyumbani kila Jumanne nilipokuja. Alikuwa na daftari la miraba, na ndani ya daftari, grafu. Chini aliandika wiki, pembeni akaandika vijiko.

Kila Jumanne saa sita tulikaa mezani. Mama Dorina kwenye kiti chake kipya, chakula mbele yake, kijiko cha tyubu kando ya sahani. Mwalimu mkabala naye, kalamu mkononi, akimtia moyo kwa sauti ya upole. Jaribu kidogo tu, mama. Hata nusu. Mama Dorina alikitazama kile kijiko kama mzigo wa abiria mwingine, mikono mapajani. Mwishowe Achieng' alibeba sahani, yeye na mama yake wakaenda chumbani, akamlisha huko mlango ukiwa umefungwa. Kuoga ilikuwa vile vile. Bafu lilipakana na sebule. Nilimketisha kwenye stuli, akasema maji ni baridi. Nikayapasha, akasema ni moto. Nikayachanganya, akasema yamekuwa mengi. Choo kilikuwa ndani ya nyumba na mlango wake ulitazamana na kiti cha Mwalimu. Huko hakuingia kabisa. Kila Jumanne, saa zote nilizokaa pale, mama huyu hakuwa na haja.

Ajabu ni kwamba mazoezi ya chumbani, mimi na yeye tu, yalikwenda vizuri, isipokuwa bei. Nikimwambia inua kikombe mara ishirini, anasema nane. Nasema kumi na nane. Anasema nane, na hizo ni kwa sababu ya watoto wako. Tulizoea kumalizia kumi na tatu. Siku moja nilihesabu kimoyomoyo nikakuta amefanya kumi na tano, na aliponiona nimegundua akasema mbili ni za Achieng'. Kwa hivyo msiniulize kama dalili hazikuwepo. Zilikuwepo, nami nilizihesabu, kisha nikaziweka kwenye safu isiyo yake.

Fomu yetu mnaijua, mambo kumi, kila moja na alama yake. Kula, sufuri. Kuoga, sufuri. Kwenda choo, sufuri. Baada ya miezi minne niliandika barua: anahitaji msaada wa kudumu, hawezi kuishi peke yake. Nikatia sahihi, nikagonga muhuri, nikajisikia mtu wa maana.

Barua ile ilifika mbali kuliko nilivyodhani. Achieng' alimpigia kaka yake wa Nakuru, wakakaa kikao cha familia kwenye simu, wakaamua mama abaki Kisumu daima. Nyumba yake ya Usenge ingepangishwa kwa mnunuzi wa samaki kuanzia mwezi uliofuata, maana nyumba ikikaa bure mchwa wanafanya mkutano. Walimwambia kwa upendo. Kwa mjane wa huku ziwani nyumba yake ndiyo yeye mwenyewe. Kuzeekea chini ya paa la mkwe ni kuwa mgeni asiyeagwa. Mama Dorina alisikiliza yote, akauliza tu ni nani aliyesema hawezi. Wakamwonyesha muhuri wangu.

Zilibaki siku kumi nyumba ikabidhiwe. Jumanne hiyo nilikuwa na semina mchana, nikapita kwao saa tatu asubuhi bila kupiga simu. Gari la Mwalimu halikuwepo, alikuwa Maseno akisimamia mtihani. Msichana wa kazi alinielekeza nyuma ya nyumba kwa kidevu.

Mama Dorina alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya jiko la nje, sahani magotini, na ndani ya sahani ngege mzima. Mkono wa kulia, ule wa sufuri, ulikuwa unafinyanga tonge. Ulikwenda polepole, vidole viwili vikisita kama watu wasiotaka kutangulia kuingia, lakini lilikuwa tonge. Wa kushoto ulishikilia kichwa cha samaki. Miiba ilikuwa imepangwa ukingoni mwa sahani, midogo kwa midogo. Niliihesabu. Nikaihesabu tena, maana mtu asiyeweza kula hapangi miiba thelathini na mmoja. Karai lilikuwa limeegeshwa ukutani, bado linadondosha maji, na leso iliyolowa ilikuwa kwenye kamba.

"Umekuja mapema," alisema.

"Na wewe unakula."

"Nani amekuambia?"

"Mama, si nimesimama hapa?"

"Basi umeona vibaya, Sista. Wewe si umeandika siwezi?"

Nilikaa chini kwenye jiwe. Nikamuuliza kwa nini, miezi minne yote. Alinitazama kwa huruma, ile huruma ya muuza nyanya.

"Una binti aliyeolewa?"

"Ninaye."

"Mume wake akija kwako, wewe unakulia wapi?"

Krismasi iliyopita mkwe wangu alikuja, nikachinja kuku wawili, na mimi paja langu nililila jikoni, nyuma ya mlango, nikisikiliza wenzangu wakicheka sebuleni. Mtu angeniletea fomu dakika ile ningepata sufuri safi.

"Jikoni," nikasema.

"Umekaa?"

"Nimesimama."

"Na fomu yako inasemaje juu ya hilo?"

Haikusema kitu. Kwao Usenge na kwetu Maragoli, mama mkwe hali mbele ya mume wa bintiye, wala haogi pale anaposikika. Wengi wenu mmeshaacha, siwalaumu. Mwalimu alikulia Nakuru, na alikuwa akisema wazi kwamba hayo yalipitwa na wakati, yeye kwake mama ni mama. Mama Dorina hakubishana naye hata siku moja. Angesemaje? Kumwambia mtu kwamba kiti alichokununulia kwa upendo ndicho kinachokunyima chakula ni kumtukana pamoja na kiti chake. Alichagua aonekane hawezi.

Nikasema nitamweleza Mwalimu mwenyewe, taratibu. Akakataa akiwa na tonge mdomoni.

"Utamwambia wema wake umenifunga? Hapana. Sema wewe umekosea."

"Nimekosea nini?"

"Hesabu."

Nikamwambia tangu nianze kazi hakuna aliyewahi kunikuta na kosa la hesabu. Akasema basi yeye ndiye wa kwanza. Nikapendekeza tuseme nimekosea kidogo. Akasema kabisa. Tulivutana mpaka samaki akaisha, tukamalizia kwamba nimekosea sana. Nilitoka pale nikijua nimenyolewa.

Jioni nilimpigia Mwalimu, nikameza barua yangu pamoja na muhuri. Alinisikiliza kistaarabu. Kisha nikasikia kurasa za daftari zikifunguliwa.

"Sista, sikatai," alisema. "Lakini mstari uliolala chini wiki kumi na sita hauruki juu siku moja. Nikimwona anakula kwa macho yangu, nitapiga simu Nakuru saa hiyo hiyo."

Mnaona nilipokwama. Ili aamini lazima aone, na akiwepo wa kuona hakuna cha kuonwa. Na sababu nimeapa kutoisema.

Nikamwambia jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo: mtu hupimwa pale anapoishi, na mama huyu anaishi Usenge. Tumpeleke Jumamosi nyumbani kwake, kwenye jiko lake na choo chake, tuone. Alifurahi sana. Akasema atatuendesha yeye mwenyewe. Bila shaka angetuendesha.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, mabati juu, ua wa michongoma kuizunguka, na ziwa likionekana kwa chini. Kutoka mlangoni hadi chooni ni hatua ishirini na mbili kwenda, na ishirini na mbili kurudi. Mama Dorina alishuka garini, akasimama kwenye kizingiti chake akishikilia mwimo wa mlango, akaniambia bila kugeuka kwamba kuna mtu mmoja wa ziada hapa.

Nikamwita Mwalimu kando. Nikamwambia choo hakina cha kushikilia, ninahitaji mti wa mita moja na nusu, unene wa kifundo cha mkono, na kule ufuoni yuko fundi wa mashua mwenye mbao. Hakuna mtu anayependa kazi kama mkwe mwema. Aliondoka karibu akimbie.

Mama Dorina akaanza. Alivunja vijiti kwa mguu, akawasha moto kwa mkono wa kushoto, akaishikilia sufuria kwa ule wa kulia kwa kitambaa. Hakuharakisha. Kila kitu kilichukua mara tatu ya muda wake, na Achieng' aliumia kuliko mama yake. Mara mbili aliinuka kumsaidia, mara mbili nikamrudisha kwa macho. Mara ya tatu nikakalia pindo la gauni lake.

Ugali ulikuwa haujaiva Mwalimu alipotokea na mti. Ulikuwa mti mzuri sana. Nikaushika, nikautazama huku na huku, nikasema ni mnene. Akarudi. Alipoleta wa pili, mboga ndiyo kwanza inachemka. Nikasema huu umepinda. Ulikuwa umenyooka kama rula. Akautazama, akanitazama, akaenda.

Kilichotokea safari ya tatu nilisimuliwa na yule fundi baadaye, na alinisimulia akishika mbavu. Alimuuliza Mwalimu kama nyumba nzima inajengwa upya. Mwalimu akamweleza: mama mkwe anapimwa kama anaweza kupika na kula na kuoga mwenyewe, na yeye amehitajika alete mti.

"Mama mkwe wako anapika sasa hivi?" fundi akauliza.

"Ndiyo."

"Na wewe unatumwa miti."

"Ndiyo."

Fundi akaweka randa chini. "Mwalimu, kaa hapa tuongee. Mti wa kwanza ulikuwa sawa."

Sisi tulishangaa tu amechelewa. Ugali uliiva, Mama Dorina akaupakua, akachota mboga, akakaa. Ndipo nikamwona Mwalimu langoni. Alikuwa amesimama nje ya ua, mti begani, ametugeuzia mgongo. Mhadhiri mzima, shati jeupe, anaitazama barabara ambayo haikuwa na kitu.

Mama Dorina naye alimwona, kupitia mlango. Aliutazama ule mgongo muda mrefu. Kisha akasogeza sahani, akamega ugali, akafinyanga, akala. Achieng' akaanza kulia kimya kimya, na mama yake akamwambia asimwage machozi kwenye mboga, chumvi inatosha. Mimi nikatoa fomu. Tulibishana kidogo kwenye kipengele cha ngazi. Nikamuuliza anaweza kupanda ngazi, akaniuliza katika nyumba hii nimeona ngazi wapi, au ajengewe ili ashindwe. Nikampa alama zote. Kuhusu jirani wa kumpitia nilitaka asubuhi na jioni, yeye akataka Jumapili baada ya kanisa. Hapo sikupunguza. Tukaandika asubuhi na jioni, na simu aivae shingoni kwa kamba.

Nikamwendea Mwalimu langoni. Hakugeuka.

"Anakula?"

"Anakula."

"Jumanne zile zote?"

"Zote."

Nilidhani atakasirika, na alikuwa na haki, na mimi nilikuwa karibu zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini aliushusha mti, akatoa simu, akampigia shemeji yake wa Nakuru. Nilisikia upande wake tu, na ulinitosha.

"Mwambie mnunuzi wa samaki atafute nyumba nyingine. Mwenyewe amerudi." Akasikiliza. "Hapana, sijamwona akila." Akasikiliza tena. "Ndiyo maana nina hakika."

Ilibaki kuoga. Mama Dorina aliburuta karai mpaka chumba cha ndani, akajaza maji kopo kwa kopo, akamtoa Achieng' nje kwa kumshika bega. Mlango ukafungwa. Tukasikia komeo likisukumwa, likakwama nusu, likasukumwa tena mpaka mwisho. Achieng' aliinua mkono kubisha.

"Mama, ukianguka je?"

"Nikianguka nitaita," ikasema sauti ya ndani. "Nisipoita, mnangoja nini?"

Maji yakaanza kumwagika. Mwalimu aliposikia aliuchukua mti wake, akatoka barabarani kabisa, akauzunguka ua wote kwa nje kupitia shamba la mtama la jirani, suruali ikijaa mbegu za kushikana, mpaka akafika chooni kwa nyuma. Akaupigilia misumari huko, mti ule wa tatu, ambao kusema kweli ndio uliokuwa umepinda. Nikaujaribu kwa uzito wangu wote, na wangu si haba. Ukashika.

Tukasubiri kidogo karibu na gari. Nikatia sahihi barua mpya juu ya boneti. Achieng' alitaka tungoje amuage mama yake, mumewe akamfungulia mlango wa gari, akamwambia waende. Tuliondoka hivyo. Mama Dorina hakutoka kutuaga. Alikuwa bado anaoga.